Alama ya 1.12

Mazishi yale ya Mundika niliyapiga video mimi, na mwenzangu akaenda kuihariri kwake Malaba. Ilitoka ya saa nne nzima. Ndani yake kaka wa marehemu anashika maikrofoni na kuahidi mbele ya waombolezaji kwamba shamba la nyuma ya nyumba litabaki la mjane na watoto wake. Miezi michache baadaye kaka huyohuyo alianza kulipima aweke ua. Mjane akaomba aonyeshwe maneno yale yako wapi, kwa sababu ukoo ungekaa Jumamosi.

Mwenzangu alimtumia ujumbe: "Mama, angalia 1.12." Basi.

Kikaoni wakafungua dakika moja na sekunde kumi na mbili. Ni asubuhi, watu wanagawiwa mkate, na kaka wa marehemu yuko hapo na kikombe mkononi.

"Shemeji," akamuuliza mjane, "hapo natoa shamba ama nakunywa chai?"

Watu wakacheka. Hakuna aliyekubali kukaa kutazama saa nne za mazishi. Wiki hiyohiyo nguzo zikasimikwa katikati ya mahindi ya mjane.

Mwenzangu alimaanisha saa moja na dakika kumi na mbili. Nilimpigia simu nikiwa na hasira.

"Boss, kwani walishindwa kuvuta mbele kidogo?"

Kidogo! Mjane, mbele ya wakwe, huku anachekwa, avute mbele kidogo. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, na mapema sana nilielewa kwamba nukta ile inaweza kutenga saa na dakika, au dakika na sekunde. Mwenzangu alijua alichomaanisha, akaona inatosha.

Nilimwandikia mjane upya: 01:12:40 hadi 01:13:05, saa, dakika, sekunde, kuanzia mwanzo wa video. Sifuri za mbele siziachi hata kama saa haijatimia.

Kikao cha pili nilihudhuria. Mjane alifungua mwenyewe, na sauti ya shemeji yake ikajaa sebuleni.

"Rudisha," shemeji akasema. Akarudisha. "Rudisha tena."

"Shemeji, hata nikirudisha mpaka kesho, utasema hivyo hivyo."

Safari hii walicheka upande wake.

Nguzo ziling'olewa Jumatatu. Mahindi yalikuwa yameshakanyagwa, ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Mwenzangu anasema napiga kelele kwa ajili ya sifuri. Aende Mundika akayatazame.