Petroli ya Maji

Darasa la mizigo ya hatari lilikuwa Kansanga, ghorofani, juu kabisa ya mahali wanapochoma nguruwe. Mimi ni mtoto wa Old Kampala, ukoo wa maduka na walimu wa chuo cha Kurani, kwa hiyo tabia za mvuke wa petroli nilijifunza nikiwa nimeziba pua kwa leso. Mwalimu alieleza kwamba mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa chini ukitafuta moto. Nikasema ule wa nguruwe basi ni mwepesi, maana unapanda ngazi wenyewe na kukaa dawati la mbele. Hakucheka. Alikuwa mama mstaafu wa zimamoto, sote tukimwita afande, na kicheko alikuwa ameshakirudisha serikalini pamoja na sare.

Nilikuwa nimeendesha malori miaka mingi bila kadi yoyote ya hatari. Nimebeba saruji, sukari, mabati, na safari moja nilibeba mbuzi, ambao hakuna kozi inayowatosha. Kisha bosi akanunua lori la tangi. Lilikuwa jipya, magurudumu yake niliyahesabu mara mbili na yakaja sawa mara zote mbili, jambo ambalo kwa bosi wetu si la kawaida. Nililipenda palepale. Lakini bila kadi ya mizigo ya hatari hakuna kugusa tangi, na bosi alisema waziwazi: "Ijumaa nataka kadi mezani. Kama haiko, ufunguo nampa shemeji yangu." Shemeji kadi alikuwa nayo. Alichokosa ni kujua kurudisha lori nyuma.

Darasani mambo yalikwenda. Nilishika vile vibao vya rangi ya chungwa: thelathini na tatu juu, 1203 chini, hiyo ni petroli. Nilishika kwamba tangi lililokwisha kumwagwa huwa hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke umebaki ndani bila kazi. Hilo nilielewa upesi kuliko wote. Nimewahi kukaa na vijana wa namna hiyo. Jirani yangu wa dawati, dereva Mkenya mwenye sauti kama honi, aliandika kila neno, hata pale afande alipokohoa. Mtihani wa kuandika tulifaulu wote wawili.

Wa vitendo ulikuwa Jumanne, kwenye kiwanja cha nyuma, ambako afande alikuwa ameegesha lori kuukuu la tangi lililojaa maji. Chini lilikuwa na bomba lililofunguka kwa kamba. Yeye akivuta kamba, maji yanamwagika, na wewe unatakiwa kuyaona ni petroli. Unazima injini, unakata umeme wa betri, unaweka pembetatu mbele na nyuma, unapiga simu zimamoto, na zaidi ya yote unazuia watu. Kwetu hilo la mwisho ndilo mtihani wenyewe. Lori la mafuta likipinduka, watu hufika na jerikeni kabla dereva hajafungua mkanda. Wako walioungua hivyo, na afande ndiye aliyekuwa akitumwa kuwaokota. Hilo alilisema mara moja tu, akiangalia dirisha, kisha akaendelea na somo.

Watu wa kuzuiwa hakuwakodi. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu tangu Jumapili, basi alipeleka habari vibandani: tangi la maji litavuja saa nne, atakayelifikia achote. Walikuja wamama na jerikeni zao za njano, na mchoma chapati akaacha sigiri yake ya makaa inawaka akaja naye. Hakuna aliyekuwa anaigiza kitu.

Mkenya alianza. Kamba ilipovutwa, aliikimbilia michongoma ya jirani, akavunja matawi, akayapanga njiani kama tufanyavyo sote lori likifa safarini.

"Pembetatu iko wapi?" afande akauliza.

"Iko kwa gari, afande. Lakini matawi ndiyo watu wanaelewa."

"Na michongoma ni ya mama mwenye nyumba ile. Yeye pia ataelewa?"

Alikatwa alama za matawi. Ila alipowageukia watu akanguruma, hata kunguru wa juu ya paa walihama. Akafaulu.

Zamu yangu nilizima, nikakata, pembetatu nikaziweka na kuzirudia kuzihesabu. Mpaka wa watu ulikuwa mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, katikati ya lango na tangi. Asivuke mtu mpaka filimbi ya afande. Sasa, mtu aliyelelewa nyuma ya kaunta hatangazi bei anayoitaka. Nilitaka wasimame kwenye mawe, kwa hiyo nikaanzia juu.

"Hakuna kupita. Wote mpaka langoni."

"Langoni?" akasema bibi mmoja mwembamba ambaye wenzake wote walimwita jjajja. "Ssebo, bwana wangu, langoni si bora nirudi nyumbani?"

"Jjajja, hii ni petroli."

"Petroli gani inanuka maji."

"Ongea vizuri," akaingilia mchoma chapati. "Langoni ni mbali. Sema hapo kwa tangi."

"Kwa tangi haiwezekani. Tuseme katikati."

"Haya, katikati tumekubali."

Wakaja wakasimama kwenye mawe, sawasawa na kitabu, tena kwa kucheka. Nikamtupia afande jicho, kama muuzaji anayefunga mzigo. Nilikuwa nimesahau ninachokijua kuliko vyote: ukishapunguza mara moja, mnunuzi hakuachi.

"Basi mmoja mmoja," akasema mwingine.

"Jerikeni moja kila mtu, hatuharibu."

"Mimi na mgongo huu nitangulie."

Nami, badala ya kuziba mdomo, nikajikuta ninajibu. Nikasema hapana, nikasema labda, nikasema basi jjajja peke yake, na jerikeni iwe ile ndogo. Filimbi ikalia.

"Jjajja amekufa," afande akatangaza. "Chapati amekufa. Wewe ulikufa zamani, umesimama kwa dimbwi unapanga foleni."

Waliposikia wamekufa, wakajua mtihani umekwisha. Maiti zilinipita kulia na kushoto na jerikeni zao, zikisukumana.

Nilimfuata afande. "Walisimama kwenye mstari, umeona mwenyewe. Nipe hata nusu ya alama."

"Nusu ya nini? Nusu ya jjajja? Ya juu ama ya chini?" Akafuta filimbi yake kwenye mkono wa koti. "Rudi Alhamisi. Na usinitajie lango ukitaka mawe. Moto haujui kwamba ulikuwa unaanzia juu."

Nilimpigia bosi. Akasema Ijumaa ni Ijumaa. Nyuma ya sauti yake nikamsikia shemeji akiuliza kama kiti cha dereva kinasogea mbele.

Jumatano nilikwenda kufanya mazoezi, na mahali pa mazoezi ni dukani. Kule Old Kampala kuna muuza viatu niliyesoma naye chuo. Hatujawahi kuuziana kitu chini ya nusu saa. Nikamwuliza bei ya ndara. Akaitaja ile ya kufungulia mazungumzo, na akavuta kiti akae. Nikatoa pesa.

Alizitazama bila kuzigusa. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na wewe, hospitali wamekuambia nini?"

"Hakuna kitu. Nanunua ndara."

"Ngoja kwanza. Hiyo niliyokutajia ni ya wageni." Akapunguza. Nikamsogezea pesa. Akapunguza tena, peke yake, uso umemkunjamana kama mtu anayecheza karata bila mwenzake. Mwisho akanifungia ndara kwenye gazeti na kunisukumia. "Usinifanyie hivi tena. Mtu anaamka, anafungua duka, ana hamu ya kuzungumza."

Nilitoka na ndara za bei nafuu kuliko zote maishani mwangu, na nilijiona mwizi.

Alhamisi mabomba yalikuwa bado makavu. Wamama walirudi wengi zaidi, maana habari za tangi lenye dereva mpole zilikuwa zimefika mbali. Afande akavuta kamba. Nikafanya yote ya injini na betri na pembetatu, kisha nikawageukia.

"Mwisho ni mawe."

Wakacheka, wakidhani ndipo tunaanzia.

"Leo umeanza vizuri," jjajja akasema. "Sasa punguza."

"Mawe."

"Hata mimi mzee?"

"Hata wewe, jjajja."

"Huyu si yule wa juzi," mchoma chapati akawaambia wenzake. "Yule alikuwa amezaliwa na mama."

"Mwenye duka asiyepunguza," mwingine akasema, "duka lenyewe litakuwa limefungwa."

Maneno niliyamudu. Yaliyokaribia kunishinda ni maji. Yalitoka kwa nguvu, yakachimba kamfereji kwenye udongo mwekundu, yakapita kando ya viatu vyangu yakaingia ardhini, maji masafi, mbele ya jerikeni kumi na tatu. Nilizihesabu, nikazirudia, zilikuwa tupu zote. Afande alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, filimbi mdomoni, hapulizi. Aliniangalia mimi tu, wao wala hakuwatazama. Ulimi wangu ulikuwa na bei kumi tayari, na kila moja ilikuwa ya haki.

Jjajja akaupitisha mguu mmoja juu ya jiwe. Akautua polepole upande wangu, akanitazama. Mguu ule ulikuwa ndiyo bei yake.

Nilimwendea mpaka vidole vyangu vikakaribia vyake. "Urudishe mguu, jjajja."

Alisubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Akaurudisha.

Filimbi ilikuja tangi likiwa limebakiwa na matone. Walikimbia wote, wakasukumana, na waliowahi walipata kidogo, nusu maji na nusu udongo. Afande akaandika, akapiga muhuri, akanipa karatasi ya kuchukulia kadi. Hakunipongeza. Alisema mkono wangu wa kushoto niuinue zaidi ninapozuia watu.

Jjajja alikuwa anafunga jerikeni yake kwa kipande cha kiazi badala ya kifuniko.

"Umepata karatasi yako?"

"Nimepata."

"Mimi nimepata matope."

"Ingekuwa petroli kweli, ungekuwa umepona."

"Uzima nimetoka nao nyumbani," akasema. "Hapa nilifuata maji."

Nikamwinulia jerikeni. Alijitwika, akaondoka.

Ijumaa niliweka kadi mezani kwa bosi kabla hajamaliza chai. Shemeji alikuwa pale, anazungusha ufunguo kidoleni. Akaitazama kadi, akaigeuza, akasema kwa upole sana kwamba sisi ni watu wazima, labda tungegawana: yeye aende na lori, mimi nirudi nalo.

Nikanyoosha mkono, nikauacha hapo juu ya meza, wazi, mpaka akauweka ufunguo kiganjani.