Sakafu ya Mama Syombua

Nyumba ya Nthoki ilikuwa sakafu. Kwenye ploti yake kule Dandora palikuwa na choo na chumba kimoja kidogo cha nyuma, vile vile alivyovikuta siku aliyokabidhiwa ufunguo. Mbele yake alimwaga simiti ya vyumba viwili, akidhani kuta zingefuata baada ya miezi michache. Hazikufuata. Mwaka wa 1979 ulipoingia, majirani wa kushoto na wa kulia walikuwa wameshaezeka mabati, naye bado alikuwa anafagia sebule isiyo na ukuta na kuanika humo nguo za mtoto. Watu wenye haraka walikatiza juu yake kama njia. Hakuwafukuza. Utamfukuzaje mtu kwenye nyumba isiyo na mlango?

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alifanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi huko Baba Dogo. Geti la kiwanda lilifungwa saa moja kamili. Kila asubuhi saa kumi na mbili alimfikisha bintiye Syombua nasari, kisha akavuka mto kwa miguu, akienda mwendo wa mtu anayefuatwa. Alikuwa amechelewa mara mbili. Nyapara alimwambia, bila hasira yoyote, kwamba siku ya tatu asijisumbue kubisha.

Basi mtu ataelewa jinsi moyo ulivyomshtuka siku barua ya mwalimu Teresiah iliposomwa kwenye kamati. Mwalimu aliomba nasari iwe ikifunguliwa saa mbili badala ya saa kumi na mbili.

Kamati ilikuwa ya watu saba, wote wa kujitolea. Nthoki aliingizwa kwa sababu alitoka mistari ya chini, kwa watu wa viwandani. Chumba cha nasari kilikuwa cha kukodi, na kila Jumamosi, siku ya mikutano, mwenye chumba alikigeuza ghala la makaa, kwa hiyo walikutana majumbani kwa zamu, na mara nyingi kwa mwenyekiti, Naftaly Ngigi, fundi wa mawe. Sheria yao moja waliyoionea fahari ilikuwa kwamba mkutano ni wa wazi. Mzazi yeyote aingie, asikilize, aseme. Tangazo lilibandikwa kila mwezi kwenye mlango wa nasari kwa herufi kubwa. Kwa mwaka mzima hakuja mzazi hata mmoja, na kamati iliishia kuamini kwamba wazazi wameridhika.

Siku ile ya barua walikuwa kwa Ngigi, wamezama kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, vikombe vya chai magotini. Wanne walishatikisa vichwa kukubali. Nthoki aliweka kikombe chini akasema kwamba jambo hili linawagusa watu wasiokuwepo, na ingefaa waulizwe. Ngigi hakuwa mtu mbaya. Aliahirisha uamuzi, akasema waje wenyewe, mlango wake haufungwi. Na ilikuwa kweli. Kila siku ya mkutano aliweka jiwe ili geti lisijifunge kwa upepo.

Wiki hiyo Nthoki alipita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja aliitikia kwamba atakuja, kwa ile sauti ya mtu asiyekuja. Ni Wacuka tu, aliyeuza sukumawiki na kuamkia soko la Gikomba kabla ya mapambazuko, aliyemwambia ukweli.

"Niende kwa Ngigi nimebeba nini?"

Nthoki akamwambia ni mkutano, si kutembelea wagonjwa.

"Ni nyumbani kwa mtu," alisema Wacuka. "Nyumbani kwa mtu hakuendwi mikono mitupu. Tuseme leo nimepata pakiti ya sukari. Mwezi ujao je? Halafu mke wake atanimiminia chai, ninywe, nipanguse mdomo, nimwambie bwanake amekosea? Mimi nililelewa, Mama Syombua."

Nthoki alirudi kwake akiwaza. Alikumbuka kwamba hata yeye hakuwahi kuingia kwa Ngigi bila sukari au maziwa ndani ya leso, na hakuwahi kufikiri kwamba anafanya hivyo. Alikumbuka pia kwamba mwaka mzima hakuwahi kumpinga Ngigi kwa jambo lolote, mpaka siku ile alipoweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa.

Mkutano uliofuata ulikuwa zamu ya Mzee Jimale, muuza vitambaa, na Nthoki akafurahi. Kwa Jimale hakukuwa na mazoea ya kupelekeana sukari. Mzee mwenyewe alifurahi zaidi, akatandaza mazulia yake mazuri, akafukiza ubani. Viatu vikapangwa mlangoni jozi kwa jozi.

Saa tisa na robo Nthoki alimwona Owino, baba wa pacha wawili wa nasari, akija na shati lililopigwa pasi. Owino alifika mlangoni, akaviangalia vile viatu, akaviangalia vyake. Kisha akageuka na kwenda zake kama mtu aliyekosea nyumba. Nthoki alimfuata hadi barabarani akamuuliza kulikoni.

"Mama, mimi kila usiku nakesha ndani ya gambuti za mpira, kwenye kiwanda cha ngozi," alisema Owino bila kumtazama. "Nikivua viatu hapo kwa Mzee, huo mkutano utaisha kabla ya kufunguliwa."

Alicheka, na Nthoki akacheka naye, lakini aliporudi ndani hakuwa na kicheko. Mzee Jimale alikuwa amekaa akiutazama mlango, akisubiri wageni wasiotokea. Angewapokea kwa mikono miwili. Nani angeweza kumwambia kwamba zulia lake lilikuwa limefunga njia, kama sukari ilivyoifunga kwa Ngigi?

Mwalimu Teresiah aliuliza, kwa upole, lini atajibiwa. Ngigi akasema mwezi ujao wanapiga kura, waje wasije. Nthoki akasema huenda wangekuja mahali pasipo nyumbani kwa mtu, ndipo wakaanza kutafuta. Mmoja akataja ukumbi wa kanisa. Jimale alisema yeye angekuja bila neno, lakini akina mama Waislamu wa upande wake wasingekanyaga. Mwingine akataja ule ukumbi wa nyuma ya baa, nusu kwa mzaha, na wanawake wakatazama chini mpaka mzaha ukafa wenyewe. Ofisi ya chifu? Mtu wa Dandora haendi kwa chifu bila kuitwa, na akiitwa huenda akiomba Mungu.

"Lakini zamu inayofuata ni ya nani?" aliuliza Jimale.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Nthoki. Mara mbili ilishafika kwake, na mara zote mbili Ngigi aliiruka haraka haraka kwa heshima, ili asimwaibishe mama asiye na pa kuketisha watu. Nthoki alikuwa akimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Hata sasa Ngigi alikuwa ameshafungua mdomo kusema watarudi kwake.

"Ni zamu yangu," alisema Nthoki.

"Si lazima, Mama Syombua. Sisi tunaelewa."

"Mnaelewa nini?"

Ngigi alikuna shingo. "Namaanisha, utatuweka wapi?"

"Sakafuni."

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Mke wa Ngigi, mwanamke mwema, alimjia na chupa mbili za chai na vikombe kumi na viwili ndani ya karai, kumwazima. Nthoki alimshukuru na kumwambia hakutakuwa na chai. Yule mama alivitazama vikombe vyake, kisha akajitwika karai, na kufikia jioni mstari mzima ulijua kwamba Mama Syombua ameita watu na hatawapa hata maji.

Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kwao Machakos, mamaye alikuwa akisema hata mbwa akija nyumbani kwako hulamba sufuria. Mara tatu Jumamosi ile ya mkutano alishika kibiriti, na mara tatu akakirudisha. Alijua kwamba akiwasha jiko tu, pale mahali pangekuwa nyumbani kwa mtu.

Badala yake alifagia sakafu, akasogeza mawe ya kujengea yaliyobaki, akapindua madebe, akaazima benchi kwa seremala. Syombua alimuuliza kama leo wanahamia. Akamwambia cheza, mwanangu.

Saa tisa wanakamati walikuja. Walikaa bila raha, kama watu waliovuliwa kofia, kwa kuwa kila aliyepita aliwaona. Na wapitaji walikuwa wengi, maana ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wakienda sokoni na kurudi. Hakuna aliyekuja mkutanoni. Walipita tu, wakapunguza mwendo kusikiliza, mmoja akatua mzigo apumzike, mwingine akasimama kumsalimia huyo aliyetua. Wacuka akasimama na kapu lake kiunoni. Owino akasimama mbali kidogo, mikono mfukoni.

Hapo ndipo Mzee Jimale alipofika. Alichelewa kwa swala, na alipofika ukingoni mwa simiti aliinama, kwa adabu yake, akaanza kufungua kamba za viatu. Nthoki aliona macho yote yakishuka kwenye miguu. Owino akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee Jimale, usivue," alisema Nthoki. "Hapa ni nje."

Neno lilimchoma likitoka. Miaka yote aliiita nyumba, hata mbele ya waliomcheka, na sasa mwenyewe ameiita nje. Lakini Jimale alifunga kamba zake na kupanda na viatu, na baada yake ukapanda mguu mmoja wa mtu mwingine, kisha mwingine. Nthoki alihesabu vichwa hadi ishirini na viwili, akaacha.

Ngigi alisoma barua kwa sauti. Wa kwanza kujibu alikuwa Wacuka, wala hakuomba nafasi.

"Mwenyekiti, wewe ni fundi. Ukichelewa, mawe yako yanakungoja pale pale. Sukuma ya Gikomba hainingoji. Nasari ikifunguliwa saa mbili, nimwache mtoto na nani, na kapu?"

Watu walicheka, na Ngigi akacheka, na kicheko kilipoisha wengine wakasema ya kwao. Kiwanda fulani geti saa moja, kingine saa moja kasorobo. Nthoki alisema lake mwisho, kwa ufupi: amechelewa mara mbili, na hakuna ya tatu. Wengi waliishi naye mstari mmoja na hawakujua.

Kisha watu wakamtazama mwalimu Teresiah kama mshtakiwa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amekaa kwenye debe, mkoba mapajani. Alisema kwamba anatoka Majengo. Ili afungue saa kumi na mbili, lazima atembee gizani. Mwezi wa pili vibaka walimkaba, wakachukua saa aliyopewa na babake.

"Niliandika tu saa mbili," alisema. "Niliona aibu kuandika kwamba naogopa."

Kwenye yale makochi barua ilisomwa mara mbili, na hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini.

Ni Owino aliyesema kwanza, kutoka pale pale ukingoni. Alisema yeye hutoka kazini saa kumi na moja asubuhi, na kabla hajalala anaweza kukaa na watoto hadi mwalimu afike kukiwa kweupe. Mama mmoja akadakia kwamba atawafundisha nini, kunuka? Owino akasema atawafundisha kuamka. Wengine wawili wa zamu ya usiku wakasema watamsaidia, wapokezane siku. Ngigi akakumbusha kwamba kura ni ya wanakamati peke yao, lakini alipoita mikono, mikono ikainuka kote kote, na ikabidi aihesabu ile saba yake katikati ya msitu. Yote saba ilikuwa juu. Nasari ifunguliwe saa kumi na mbili na wazazi, mwalimu aingie saa moja na nusu.

Jumatatu Nthoki alimwacha Syombua kwa Owino, aliyekuwa amekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakigusa kidevu. Alifika getini na dakika kumi za kupoteza, akazitumia kuketi.

Tangu siku hiyo kamati haikukutana pengine. Mvua ikinyesha waliahirisha hadi Jumamosi nyingine. Watu walizoea, na mambo mengine yalisemwa pale ambayo ndani ya nyumba yasingesemwa.

Mwaka wa 1981 Nthoki alipata mawe. Ngigi alijitolea kuyajenga mwenyewe, siku za Jumapili baada ya kanisa, na kila mwezi kamati ilikuta kuta zimepanda kidogo. Mwanzoni watu walizikalia. Baadaye waliziegemea. Nthoki alizipapasa akipita, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake.

Jumamosi iliyofuata baada ya kuwekwa kizingiti, hata kabla ya mlango wenyewe, Wacuka alikuja mkutanoni kama kawaida. Ila safari hii hakukatiza. Alisimama penye upenyo wa mlango, akapiga hodi, na alipokaribishwa akatoa ndani ya leso pakiti ya sukari.

"Hongera ya nyumba, Mama Syombua."

Nthoki aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameingoja sukari ile miaka mingapi? Na alipoinua macho juu ya bega la Wacuka, alimwona Owino nje, amesimama, anavitazama viatu vyake.

Aliishikilia ile pakiti kifuani kidogo. Kisha akamgeukia Ngigi.

"Mwenyekiti, leo nitawapikia chai," alisema. "Mwezi ujao tutafute mahali pengine."