Cherehani Isiyo na Kitambaa

Fundi Pindo aliambiwa ana sonona, lakini kwenda kliniki alikataa katakata, watu wangemwona. Akakubali mshauri awe anampigia simu, huku akinung'unika: “Mtu asiyeniona hata uso atanisaidia nini?” Kila simu ilipoita, alijifungia chumba cha kushonea na kukanyaga cherehani tupu, ili mkewe asisikie maongezi.

Leo mshauri alimwambia, “Fundi, sikusikii. Simamisha hiyo mashine.”

“Nikisimamisha, mama watoto atasikia nalia.”

Lakini mguu ulichoka. Cherehani ikanyamaza, naye akalia kwa sauti.

Nje ya mlango, mkewe, aliyeutambua tangu mwanzo mlio wa cherehani isiyo na kitambaa, alimzuia mteja aliyefuata suruali yake.

“Rudi kesho,” akamwambia. “Leo fundi ana kazi.”