Jani la Mzee Kwenye Bahasha

Keti nikueleze, msomaji, na ukicheka sitakulaumu. Mimi ni mgeni hapa Moshi, kwetu Dodoma. Ninafanya kazi Majengo, kwenye ofisi binafsi inayoandikisha ajali ndogo za magari, zile za kukwaruzana tu, ili polisi wapate muda wa mambo makubwa.

Juzi aliingia mzee kutoka Kilema, ameshika jani refu la kijani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimegonga gari. Naomba msamaha." Akaninyooshea jani.

"Hapa hatusamehe, mzee, tunaandikisha tu," nikamwelewesha taratibu. Nikadhani ni jani la ua wa miti aliouvamia. Nikalitia kwenye bahasha na kuandika juu yake: Kielelezo.

Mzee akaduwaa. "Umelichukua, mbona hunijibu? Nitarudije nyumbani hivi?"

"Tulia, mzee wangu. Uligonga gari gani?"

"Hilo jeupe hapo nje. Wameniambia mwenyewe yuko humu."

Nikachungulia dirishani, nikaanza kunakili namba. Kwenye herufi ya mwisho kalamu ikasimama. Lilikuwa gari langu.

Mama mmoja kwenye foleni akapiga makofi. "Jamani! Mzee kakuletea isale! Mchagga akikupa jani hilo anakuomba radhi, na haikataliwi. Wewe umelifanyia faili!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, isipokuwa mzee, aliyekuwa bado anangoja jibu.

Basi, ndugu yangu, ukiletewa isale, lipokee kwa mikono miwili, sema "nimekusamehe," ndipo utafute kalamu.