Funga, Hata Ukikosa Jibu

Nakumbuka siku moja Makambako, mwanangu, na nitakusimulia yale tu niliyoyaona. Kwamba kompyuta za ghala letu ziliingiwa na pepo, hayo niliyasikia kwa madereva, nami nimewaachia wao.

Biashara ya mbolea ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, nami nilikuwa karani kijana. Kabla ya lori kupakiwa, programu yetu ilifungua muunganisho na seva, kompyuta kuu inayotunza hifadhidata ya mizigo, ikauliza kama mzigo upo. Mchana ule kompyuta zote ziligoma: seva imejaa, haipokei muunganisho mwingine. Nje wingu lilikuwa zito, na wakulima wa Mdandu walikuwa wakingoja mbolea ya kupandia.

“Mwanangu, mvua haingoji kompyuta,” mama mmoja aliniambia dirishani.

“Zima, uwashe!” akafoka tajiri wetu, Mzee Salum.

Haraka haraka haina baraka, lakini ni wachache wanaothubutu kumwambia hivyo tajiri. Rehema, fundi wetu wa programu, alithubutu. “Hapana, mzee. Kuna kumbukumbu zinaandikwa sasa hivi; nikizima zitakatikia njiani.”

Akachunguza ni nani aliyeishikilia seva. Ilikuwa sehemu ya programu aliyoiandika mwenzake, Lugano. Mbolea ikiwapo, ilifunga muunganisho. Ikikosekana, ilijiondokea na kuuacha wazi, na iliyoachwa wazi ndiyo iliyoijaza seva.

“Sasa dada, jibu halikuwapo. Ningefunga nini?” Lugano akajitetea.

“Mlango, kaka! Ukienda kwa watu ukamkosa uliyemfuata, unaondoka bila kuaga? Kwetu Mdandu bibi angekurushia mwiko.”

Tulicheka, hata Mzee Salum. Rehema akaikata miunganisho iliyolala, kisha akaihamishia amri ya kufunga mahali ambapo programu haina budi kupita, ipate jibu au ikose, na kompyuta zikaanza kujibu tena. Hakuinua sauti, hakumsema mtu. Mimi si mwepesi wa kusifu, lakini yule nilimsifu, na ningali namsifu.

Mwanangu, kufunga kazi iliyofanikiwa ni rahisi. Mtu hupimwa pale alipokosa alichokitafuta. Uliza, pokea unachopewa, na hata ukinyimwa, funga kwa adabu, kwani nyuma yako yupo anayebisha hodi. Mungu akujalie utulivu palipo na kelele, na mikono inayomaliza ilichokianza.

Wapo wasemao kwamba Mdandu walivuna sana mwaka ule. Sikuwako. Nililoliona ni lori lao likitoka getini limefunikwa turubai, na tone la kwanza halijaanguka.