Stovu ya Kuni ya Baba Mkwe

Mwanangu, kila nikiwasikia wanunuzi wa vyuma kuukuu wakipita mtaani na mkokoteni, naikumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, pale mtaa wa Ziwani. Nilikuwa nimeolewa karibuni, mimba yangu ya kwanza imeanza kuonekana, na nilikuwa na tabia ambayo mama yangu mzazi alishindwa kuniondolea: nikiona kitu chenye mlango, lazima niufungue.

Mimi na mume wangu Wafula tuliishi kwa mama yake. Kwetu magharibi mwa nchi, mke mpya hupikia kwenye moto wa mama mkwe mpaka siku atakapopewa wake, na hata mjini tuliifuata desturi hiyo, ingawa moto wenyewe ulikuwa jiko la makaa tu. Nyuma ya jiko hilo, kona nzima ilikuwa imejaa stovu. Usifikirie hizi za mafuta ya taa. Hii ilikuwa ya kuni, ya chuma kizito, yenye miguu minne iliyopinda, yenye kucha kama za mnyama, na enameli ya rangi ya maziwa kama vikombe vya zamani. Ilikuwa na oveni, na vishikio vya waya uliosokotwa ili mtu asiungue. Nilivipenda vile vishikio, sijui kwa nini. Dohani yake ilipenya paa.

Baba mkwe, ambaye sikumkuta, alikuwa mpishi wa Wazungu. Mwajiri wake alipofungasha kurudi kwao wakati wa uhuru alimwachia stovu hiyo, naye akaileta Ziwani kwa mkokoteni. Tangu afariki haikuwashwa tena. Tulikuwa tunaweka vitunguu juu yake.

"Mama, mtoto anakuja," Wafula alimwambia mama yake. "Hii kitu inakula nafasi bure."

"Waite watu wa vyuma," Mama akajibu. "Imekufa hiyo. Ilikufa na baba yako."

Lakini kila Ijumaa nilimwona akiondoa vile vitunguu na kuipangusa kwa kitambaa chenye sabuni, polepole, mpaka kwenye kucha za miguu yake. Nikajiuliza, nani huogesha maiti kila wiki? Tena akina mama wa kanisani walikuwa hawajaacha kuusimulia mkate wa Mama wa Jumapili na kuku wake wa Krismasi. Kama alikuwa fundi kiasi hicho, mbona hakuigusa tena? Hilo swali liliniwasha kuliko upupu.

Basi Jumamosi hiyo Wafula akaenda Eastleigh kuwatafuta wanunuzi, na Mama akaenda mkutano wa kanisa. Niliona nisipoijua stovu ile asubuhi hiyo sitaijua tena. Nikafungua mlango wa moto, mlango wa majivu, mlango wa oveni. Nikatia kuni, nikawasha. Moshi ukatoka kila mahali isipokuwa kwenye dohani. Majirani wakaja mbio wakipiga kelele kwamba nyumba inaungua, na Mama akafika nyuma yao, amevaa sare yake ya kanisa.

Alimwagia maji zile kuni, akawarudisha watu nje, akafunga mlango. Nilingoja matusi. Sikuyapata, nami kwa ujinga wangu nikauliza, "Mama, wewe ulikuwa unaiwashaje?"

Akaketi kwenye kigoda. Akalia, na haukuwa moshi uliomliza.

"Sijawahi kuiwasha hata siku moja," akasema. "Alikuwa anapika yeye. Watoto wakienda Sande skuli anafunga mlango, anajifunga leso yangu, anapika. Mimi nabeba sinia nje nasifiwa. Mwanamume akipika kwa Mzungu, hiyo ni kazi. Akipika kwake, watu wetu wangemcheka mpaka nyumbani kijijini. Sasa amekufa, nitawaambia nini? Niliwaambia stovu imeharibika."

Nilimhurumia sana, mwanangu. Miaka yote hiyo alikuwa amemkosa mumewe na kushindwa hata kusema anachokikosa.

Kisha akajifuta uso, akanigeukia kwa ukali. "Na wewe, unawashaje kitu usichokijua? Yeye alikuwa anaizunguka kwanza. Anaipapasa. Anavuta kitu fulani huku nyuma, halafu ndiyo anawasha."

Tukaizunguka sote wawili. Karibu na dohani, chini ya mafuta yaliyoganda, tukapapasa kishikio kidogo cha chuma. Ukikivuta moshi unapanda moja kwa moja. Moto ukikolea unakirudisha, joto linazunguka oveni. Na chini ya oveni palikuwa na kilango kidogo nisichokuwa nimekiona. Ndani yake masizi yalikuwa yamejaa tele. Tukayachota kwa upawa, tukiwa weusi mpaka nyusi, Mama akicheka kama msichana. Safari hii moto ulivuma kuelekea juu, na Mama akakanda unga kama alivyokuwa akimwona mumewe akiukanda.

Wafula alirudi alasiri na kijana wa mkokoteni. Kijana akatazama paa.

"Mathe, si mlisema imekufa? Mbona inatoa moshi?"

Tukatoa mkate. Upande mmoja ulikuwa umeungua. Majirani walikuwa wamerudi kuchungulia, nao wakapewa vipande. Wafula alitafuna, akatafuna tena.

"Mama, huu ndio mkate wako! Nilikuwa nimeusahau."

Mama angeweza kuitikia tu, kama alivyoitikia miaka yote. Mimi nilikuwa tayari kufunga mdomo mpaka kaburini.

"Si wangu," akasema mbele ya watu wote. "Haukuwahi kuwa wangu. Ni wa baba yako."

Kisha mzee wa nyumba ya pili akashika kichwa. "Na mimi nilivyomsumbua mke wangu aje kwako ajifunze!"

Kijana aliondoka na mkokoteni mtupu na kipande cha mkate. Jioni Mama aliniambia, "Moto wako ndio huu." Jumapili iliyofuata Wafula ndiye aliyekanda unga, mlango ukiwa wazi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikutana na stovu ya zamani, iwe sokoni Gikomba au kwa bibi yako, usiharakishe kuuliza bei. Izunguke. Ipapase. Fungua hata kilango kidogo kabisa, utoe masizi kabla hujasema imekufa. Na usiulize ilikuwa ya nani, uliza nani alikuwa akiiwasha. Na anayekupikia leo, mtaje jina angali anasikia.

Mungu akupe moto unaovuta vizuri, na mtu wa kuuwasha pamoja nawe, mlango wenu ukiwa wazi.