Bamba Nililolificha Chini ya Magunia

Nakumbuka Jumapili moja nilipochukua kipande cha chuma na kukisukuma chini ya magunia matupu ya ngano, na mwanangu, kila nikiikumbuka natamani kumkamata kijana yule shati na kumzaba kibao. Kijana mwenyewe ni mimi. Usinitazame kwa huruma. Sikukuita hapa nikuburudishe, nimekuita kwa sababu nyinyi mafundi wa siku hizi mnanikera. Mnamrudishia mtu chombo chake hamjakijaribu, kikimharibikia njiani mnamwambia hajui kukitumia. Nawajua vizuri, maana mimi ni mwenzenu.

Enzi zile mashamba ya ngano ya serikali upande wa Basotu yalikuwa yamepamba moto. Ilikuwa ngano mpaka macho yanachoka, na karakana yetu ilijaa kombaini za kuvunia na matrekta kutoka ukuta mpaka ukuta. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha ufundi, na kwa jinsi nilivyotembea ungedhani nimekibandika kwenye paji la uso. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Tluway, mtu wa kijiji cha Daudi, asiye na cheti hata kimoja. Alijifunzia kazi kwenye magari ya walowezi, akiangalia kwa macho na kupapasa kwa vidole.

Jumapili tuliruhusiwa kutengeneza magari ya watu wa nje. Katesh kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, Mzee Hamisi, mwenye gari la zamani la Kiingereza la silinda sita lililoachwa na mlowezi. Lilikuwa zuri, lakini lilikula oili vibaya sana. Likipanda mlima kwenda Mbulu, nyuma linaacha moshi wa bluu kama watu wanachoma majani mabichi. Dereva wake aliitwa Bura, mtu wa Endagikot, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, mpole, na hakuna gari alilowahi kulipanda bila kwanza kufungua boneti na kuchomoa kile kijiti cha kupimia oili.

Nikueleze kidogo, kwa sababu vyombo vyenu vya leo hamvifungui. Ndani ya injini kuna krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukizunguka kwa kasi unabeba oili na kuirusha huku na huko, na nyingine inaishia kuungua. Mzee Tluway alikuwa na dawa yake. Alikata bamba jembamba la chuma kufuata umbo la krenki, akalifunga juu ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, likae karibu kabisa na krenki bila kuigusa. Oili inakwanguliwa, inarudi chini, mambo yanaisha.

Lakini hiyo nafasi ndiyo roho ya kazi. Mzee aliipima kwa donge la unga wa ngano. Ndiyo, unga, wa pale pale shambani. Aliukanda na maji, akaupaka kwenye ukingo wa bamba, akakaza bolti zote, kisha akazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili mizima. Akifungua, anaangalia unga uliobanwa. Ukibaki mnene kama ukucha, sawa. Chuma kikionekana, anachukua tupa na kuanza upya. Karakana nzima ilimwita Mpishi wa Chapati, na jina hilo nililianzisha mimi, mbwa mimi.

Basi ikaja Jumapili ya gari la Mzee Hamisi. Mzee Tluway alikuwa na msiba Daudi, akaniachia kazi. Alirudia neno moja mara tatu: "Ukipima bolti zikiwa legevu, unga utakudanganya. Kaza zote, zungusha. Funga sampu, zungusha tena, sikiliza."

Nikaitikia. Kichwani nilikuwa nawaza kwamba kazi inayomchukua yeye siku mbili nitaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na Katesh nzima isikie. Nilipaka unga, nikashikiza bolti nne kwa vidole, nikazungusha. Unga ukawa mzuri. Nikaufuta, nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu za ujana, nikafunga sampu, nikanawa mikono. Bamba likikazwa linasogea kidogo, mwanangu. Unywele tu unatosha.

Bura alikuwa amesimama na tajiri wake. Akasema kwa upole, "Fundi, hujazungusha tena. Mzee huwa anazungusha."

Nikamjibu, mbele ya tajiri wake, mbele ya wenzangu: "Wewe kazi yako ni usukani."

Watu wakacheka. Bura akaingia kwenye gari.

Jumatano injini ikapasuka mlimani, baada ya Dongobesh. Lori la magunia lilituletea gari likiwa limefungwa kamba. Jumapili iliyofuata, Mzee Tluway akiwa bado kanisani, nilishusha sampu. Bamba lilikuwa limepigwa na krenki mpaka likakunjika, chembe za chuma zimejaa kila mahali, mkono mmoja wa pistoni umekatika na kutoboa ubavu wa injini. Oili yote ilikuwa imemwagikia barabarani. Nikaona jinsi ya kujiokoa. Ndipo nilipolitoa bamba na kulisukuma chini ya magunia.

Mzee Hamisi alipofika na dereva wake nilimwonyesha sampu. "Angalia, mzee, kavu kabisa. Dereva hakupima oili."

"Nilipima asubuhi," Bura akasema. "Nikapima tena Dongobesh."

"Mbona kavu?" nikamuuliza. Nilimuuliza hivyo kwa mdomo wangu huu, huku naliona kule chini tundu lililoitoa ile oili, wao waliosimama hawalioni.

Mzee Hamisi akanyoosha mkono, akadai ufunguo. Bura akautoa mfukoni, akampa, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Mzee Tluway alipotoka kanisani akaniuliza habari za bamba. Nikasema halikukaa vizuri, niliamua kutolifunga. Akaniamini! Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Ilipita miezi minne. Ngano ikaiva, magunia yakahitajika, na vibarua walipoyainua bamba likaanguka sakafuni. Mzee Tluway aliliokota. Alilitazama upande huu na upande huu, kisha akaniita ofisini na kufunga mlango. Sijawahi kumwona na hasira namna ile.

"Kuharibu injini kila fundi ameharibu," alisema. "Mimi nimeua matrekta mawili, na niliwaambia wenyewe siku hiyo hiyo. Wewe umemchukua baba wa watoto ukamzika yu hai, halafu miezi minne unakuja hapa unakunywa chai na mimi! Chukua takataka yako. Nenda Endagikot. Usirudi kunisalimia kabla hujaenda."

Nilipanda lori la magunia mpaka Mbulu, nikatembea. Nilimkuta Bura anapalilia mahindi ya jirani. Dereva yule, na jembe la mtu mwingine.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umefuata nini?"

Nikamweleza yote, nikampa bamba. Alilipokea, akapitisha kidole gumba pale lilipokunjika. Nilidhani atanipiga, na Mungu ni shahidi, nilitaka anipige.

"Umekuja kuniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa najua tangu siku ile. Nilikuwa najua nilipokuwa natoa ufunguo. Wenye magari wote kuanzia Mbulu mpaka Katesh wanaamini Bura haangalii oili. Nenda ukawaambie wao."

Akanirudishia bamba, akaendelea kupalilia.

Nilikwenda. Mlango kwa mlango, Mbulu, Dongobesh, Katesh, nimeshika lile bamba kama mwizi aliyekamatwa akiwa na kuku. Wengine walinicheka. Mmoja aliniuliza kama Bura amenihonga. Mzee Hamisi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani yake, akasema ameshapata dereva mwingine. Uongo nilioutamka kwa pumzi moja ulinichukua karibu mwaka kuufuata, na sina hakika niliufikia kila ulikokwenda.

Mwishowe mtu mmoja wa Dongobesh alimpa Bura lori. Siku moja likamharibikia karibu na karakana yetu, Mzee Tluway akiwa safarini mpaka jioni. Nilitoka mbio na spana zangu. Bura alinisalimia vizuri tu, akaniulizia na wazazi. Kisha akakaa kwenye kivuli cha lori lake, akamsubiri mzee kuanzia asubuhi mpaka jioni, mimi nimesimama mlangoni bila kazi.

Mwanangu, hasira yangu si juu yako peke yako, na sasa umeelewa. Kaza kwanza, ndipo upime. Zungusha kwa mkono wako mwenyewe kabla hujampa mtu ufunguo, na dereva akikuuliza umezungusha, usimtukane, shika spana uzungushe. Ukiharibu, sema ni mimi, siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliokuwepo. Ukichelewa utakuja kusamehewa labda, lakini hutaaminiwa, na fundi asiyeaminiwa anabaki na masanduku ya spana tu.

Nenda sasa. Mungu aibariki mikono yako isiwe na haraka, akulinde na sifa za kijinga kama zangu, na akupe marafiki watakaokuuliza "umezungusha?" mpaka uzeeke.